Mnakili na Mwizi: Historia ya Nakala na Haki ya Mtungaji kwa Kuangalia Soko la Birere, Goma

1.0 Utangulizi

Birere ni eneo la makazi na biashara katika mji wa Goma, Kivu ya Kaskazini, lililobanana na mpaka wa Rwanda. Nyumba zake zimesongamana, vichochoro vyake ni vyembamba, na karibu yake ipo njia ya mpaka ya waendao kwa miguu, ijulikanayo kwa Kifaransa kama Petite Barrière, ambayo huvukwa na maelfu ya watu kila siku. Sehemu ya Birere ilifunikwa na lava ya mlima Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, na watu wakajenga upya juu ya mawe yale yale. Katika soko la namna hii kila kitu huuzwa kwa kipimo kidogo: unga kwa kikombe, mafuta kwa chupa, sabuni kwa kipande. Muziki na filamu navyo vimeuzwa vivyo hivyo. Kwanza zilikuwa kaseti, zikafuatwa na sahani za CD na DVD, hatimaye nyimbo zinazotiwa katika flashi na katika kadi ya simu huku mnunuzi akisubiri mbele ya meza.

Mtungaji wa nyimbo hizo hayupo mezani, wala sehemu ya fedha haimfikii. Mwuzaji, kwa upande wake, hajioni kuwa mwizi: ana kompyuta aliyoinunua, umeme anaoulipia na familia anayoilisha. Mnunuzi naye hajioni kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Hali hii, ambamo sheria humwona mkosaji na jamii isimwone, haiwezi kuelezwa kwa kulaumu tabia za watu peke yake. Ina historia.

Makala haya yanakusudia kuifuatilia historia hiyo. Yanajenga hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba katika ulimwengu wa Kiswahili kunakili kulikuwa utumishi na heshima kwa muda mrefu kabla hakujaitwa kosa. Ya pili ni kwamba yale yanayoitwa kwa ujumla hakimiliki yana mambo mawili ndani yake, yaani haki ya jina na haki ya mkate. Haki ya jina ni ya kale katika Kiswahili; haki ya mkate ni mpya, nayo ililetwa na sheria pasipo kuletewa chombo cha kuitimiza.

2.0 Nakala katika mila ya maandishi

Kabla ya mitambo ya chapa kufika pwani ya Afrika Mashariki, tenzi na mashairi yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuenezwa kwa mkono. Chuo cha Herekali, kiitwacho pia Utenzi wa Tambuka, ambacho hutajwa kuwa cha mwaka 1728 na kuhusishwa na Mwengo wa Athumani, kimewafikia wasomaji wa leo kwa sababu walikuwapo watu waliokaa chini wakakinakili. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao, aliwanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Mnakili wa aina hiyo aliweza kulipwa ujira wa mkono wake. Hapakuwa na desturi ya kumlipa mtungaji kwa kila nakala iliyotoka, wala haikudhaniwa kwamba nakala mpya inampunguzia kitu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya na kuyaandika, W. E. Taylor akayapokea, na mwaka 1940 William Hichens akayachapisha mjini Johannesburg kwa jina la Diwani ya Muyaka. Kama kila mmoja kati yao angengoja idhini ya mwenye mali, huenda diwani hiyo isingekuwapo.

Hata hivyo haifai kusema kwamba mila hiyo haikujua haki yoyote ya mtungaji. Watunzi wengi wa tenzi walijitaja katika beti za mwisho, wakaeleza wao ni nani, wametoka wapi na wamemaliza kazi lini. Beti hizo zilikuwa muhuri. Mnakili aliyekuwa mwaminifu alizinukuu pamoja na kazi nzima, na aliyezidondosha alimkosea mtunzi. Mahali ambapo jina limepotea, hasara yake imeonekana: mashairi mengi yamehusishwa na Fumo Liyongo, na wataalamu hawajakubaliana ni yapi hasa yaliyo yake. Mila, basi, ililinda jina. Mkate ulitoka kwingine, kwa mfadhili, kwa kilimo, kwa biashara au kwa ualimu.

Upande wa Kongo una mfano wake. Mwaka 1965 André Yav alitunga historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, kwa Kiswahili cha wafanyakazi wa nyumbani. Kijitabu hicho kilipigwa taipu na kudurufiwa, hakikutolewa na kampuni yoyote ya uchapishaji. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikichapisha pamoja na tafsiri na maelezo, na jina la Yav likabaki pale pale. Leo hakuna anayeweza kueleza historia ya Kiswahili cha Katanga bila kukitaja. Mashine ya kudurufu iliokoa kazi ambayo soko la vitabu halikuihitaji.

3.0 Sheria: kutoka London hadi Kinshasa

Haki ya mtungaji kama jambo la sheria ilitokana na mtambo wa chapa. Sheria ya Malkia Anne ya Uingereza ya mwaka 1710 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kumtambua mwandishi kuwa mwenye haki kwa muda maalumu. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 uliiweka haki hiyo juu ya mipaka ya nchi. Ni vizuri kukumbuka kwamba si mataifa yote makubwa yaliyoupokea kwa haraka. Katika karne ya 19 wachapaji wa Marekani walitoa vitabu vya Waingereza bila kuwalipa, na Charles Dickens alilalamika hadharani alipoizuru nchi hiyo mwaka 1842. Marekani haikuingia katika Mkataba wa Berne hadi mwaka 1989. Nchi inayonunua maarifa kuliko inavyoyauza huona nakala kwa jicho lingine, na mtazamo huo hubadilika pale inapoanza kuuza.

Katika Kongo ya Wabelgiji, haki ya mtungaji iliwekwa kwa dikrii ya tarehe 21 Juni 1948. Baada ya uhuru, mwaka 1963, dola mpya ilithibitisha kwamba ingeendelea kufungwa na Mkataba wa Berne. Mwaka huo huo wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Brazzaville, ng'ambo ya mto, kuzungumzia haki ya mtungaji na mahitaji ya bara lao. Mwaka 1969 kiliundwa chama cha taifa cha kukusanya malipo ya watunzi, SONECA. Tarehe 5 Aprili 1986 ilitolewa sheria-amri namba 86-033 kuhusu haki za watungaji na haki zinazopakana nazo. SONECA ilipokwisha kudhoofika na kulalamikiwa na wanamuziki kwa miaka mingi, nafasi yake ilichukuliwa na SOCODA, iliyoanzishwa mwaka 2011.

Kwa orodha hii inaonekana kwamba Kongo haikukosa sheria. Kilichokosekana ni njia kati ya sheria na mtu. Sheria ya 1986 ilitungwa fedha ya nchi ikiwa zaire. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire milioni tatu za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo moja ikachukua mahali pa zaire mpya laki moja. Mahali ambapo fedha huyeyuka kwa namna hiyo, faini haitishi na mrabaha haushibishi. Tena ofisi ya kukusanya malipo iko Kinshasa, nao mtungaji yuko Goma, mji ambao tangu mwaka 1994 umepokea wakimbizi, vita, lava, na watawala wa bunduki zaidi ya mara moja, ikiwemo kuangukia mikononi mwa M23 mnamo Novemba 2012 na tena mwishoni mwa Januari 2025.

Hapa lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kiingereza huitaja haki hii kwa kuangalia nakala: ni haki ya kunakili. Kifaransa huitaja kwa kuangalia mtu: ni haki ya mtungaji. Kiswahili Sanifu kimeunda neno hakimiliki, ambalo halitaji nakala wala mtungaji, bali umiliki. Kwa hiyo Mswahili wa Dar es Salaam anayesoma neno hilo huenda akafikiria kiwanja au nyumba, na hati yake. Mkazi wa Goma, ambaye sheria yake imetokana na mapokeo ya Kifaransa na Kibelgiji, hutumia kitenzi kukopia, na kitenzi hicho hakina lawama ndani yake. Mtu hukopia wimbo kama anavyokopia somo ubaoni. Neno uharamia, linalotumiwa katika magazeti ya Tanzania na Kenya, lina lawama tele, lakini linaleta picha ya jahazi lililotekwa baharini, ambapo mwenye mali hubaki mikono mitupu. Aliyenakiliwa wimbo hubaki na wimbo wake. Anachopoteza ni malipo, na malipo hayo hayakuwahi kufika mkononi mwake ili ayaone yakichukuliwa. Ugumu wa kumshawishi mnunuzi wa Birere unaanzia katika msamiati.

4.0 Santuri, kaseti na kadi

Muziki ulipoanza kuuzwa Kongo, ulinzi wake ulikuwa katika mashine kuliko katika sheria. Studio ya Ngoma ilianzishwa Léopoldville mwaka 1948, na Loningisa ikafuata mwaka 1950. Sauti ilirekodiwa mjini na sahani za santuri zilipigwa chapa Ulaya. Huko Jadotville, ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952, na gita lake pamoja na nyimbo zake za Kiswahili zikasikika hadi Nairobi kabla yeye mwenyewe hajafika. Hakuna mtu wa kawaida aliyeweza kutengeneza sahani ya santuri nyumbani. Mwenye kiwanda alishika mlango.

Lakini kushikwa kwa mlango hakukumaanisha kwamba mtungaji alikula. Katika enzi hiyo wanamuziki wengi walilipwa mara moja, kwa wimbo, na mambo yakaishia hapo. Kisa cha Solomon Linda wa Afrika Kusini kinajulikana. Wimbo wake Mbube, uliorekodiwa mwaka 1939, uliacha haki zake mikononi mwa kampuni kwa malipo madogo, ukatajirisha wengine Marekani, na yeye akafariki maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata makubaliano ya malipo mwaka 2006. Katika Afrika Mashariki, Malaika, wimbo uliorekodiwa na Fadhili William na kuimbwa baadaye na Miriam Makeba na kundi la Boney M, umezungukwa na mzozo wa nani hasa aliutunga. Katika visa hivi viwili lawama haikumwendea mwenye meza ya sokoni. Karatasi halali, au ukosefu wa karatasi, ndiyo iliyomwacha mtungaji nje.

Kaseti ya Philips, iliyotolewa mwaka 1963, iliuvunja mlango ule. Yeyote mwenye mashine mbili na waya aliweza kutoa nakala. Katika miaka ya 1970 na 1980 maduka ya kudurufu kanda yalienea Nairobi, Dar es Salaam, Kinshasa na katika miji midogo. Tanzania, ambako bendi zilirekodiwa zaidi na redio ya taifa kuliko na kampuni za biashara, wasikilizaji walirekodi nyimbo kutoka redioni kwa sababu aghalabu hapakuwa na sahani ya kununua. Kanda iliyodurufiwa ilikuwa wizi, na pia ilikuwa njia pekee.

Serikali za Afrika Mashariki zilijaribu kukikamata kitu chenyewe. Kenya ilikuwa na chama cha hakimiliki za muziki tangu mwaka 1983, na sheria yake mpya ya 2001 ikaanza kutumika mwaka 2003. Tanzania ilipitisha sheria namba 7 ya mwaka 1999, iliyounda COSOTA, na mwaka 2013 mamlaka ya mapato ilianza kutaka stempu za kodi zibandikwe juu ya CD na DVD za muziki na filamu. Stempu ilikuwa hatua ya maana, kwa sababu ilimpa mnunuzi alama ya kutofautisha halali na haramu. Ila ilifika wakati sahani yenyewe inaondoka sokoni. Wimbo ulipohamia katika kadi iliyo ndogo kuliko ukucha, hapakuwa na mahali pa kubandika kitu.

5.0 Mpaka na mfasiri

Birere inaongeza ugumu mwingine, ambao ni mpaka. Rwanda iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1984, Kenya mwaka 1993, Tanzania mwaka 1994, nayo Uganda mwaka 2022 tu. Rwanda ilitunga sheria ya mali ya akili mwaka 2009. Mtungaji wa Goma anayenakiliwa ng'ambo, au wa Kampala anayenakiliwa Goma, ana haki kwenye karatasi za nchi zaidi ya moja. Hata hivyo afisa wa forodha hupekua magunia. Hapekui simu iliyo mfukoni mwa mwanamke anayevuka na beseni la nyanya.

Mpaka huo pia umezaa sanaa ambayo sheria haijui pa kuiweka. Dar es Salaam alijulikana Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za wahusika. Kampala wapo wasimulizi wa Kiganda, na Rwanda filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye, yaani zilizofafanuliwa. Msimulizi hakuomba idhini ya studio ya Marekani au ya Hong Kong. Kwa sheria, tafsiri isiyo na ruhusa ni kosa. Kwa mtazamo wa isimu na fasihi ni kazi mpya: msimulizi hufupisha, hutania, huleta methali, humpa mhusika jina la mtaani. Kisha kazi hiyo nayo hudurufiwa na mwenye meza mwingine, na msimulizi hulalamika kama anavyolalamika kila mtungaji. Aliyekopa bila kuuliza anahitaji ulinzi wa haki ile ile aliyoipita. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kukiona kisa hiki kama kichekesho tu, kwa sababu kinaonyesha kwamba mpaka kati ya mnakili na mtungaji haukuchorwa mahali pamoja kwa nyakati zote.

6.0 Chuo kikuu mbele ya meza

Wasomi wana desturi ya kulizungumzia soko kama kwamba liko mbali. Katika vyuo vikuu vya Kongo, kwa miongo mingi, somo limefundishwa kwa silabusi iliyodurufiwa na kuuzwa kwa wanafunzi. Mwalimu ambaye mshahara wake hautoshi alitegemea mauzo hayo. Mwanafunzi asiye na fedha alitafuta silabusi ya mwenzake wa mwaka uliopita na kuipeleka kwenye mashine ya fotokopi. Ndani ya silabusi yenyewe mna kurasa za vitabu vya wengine, mara nyingi bila majina yao. Tendo ni lile lile la Birere, isipokuwa meza imewekwa ndani ya ua wa chuo.

Ugumu wa mwanafunzi ni wa kweli. Kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Nairobi au Dar es Salaam hufika Goma kwa shida, kwa bei iliyozidishwa na usafiri na ushuru. Wenye kutunga mikataba walijua jambo hili. Marekebisho ya Berne yaliyofanyika Paris mwaka 1971 yaliziruhusu nchi zinazoendelea, kwa masharti maalumu, kutoa leseni za kutafsiri na kuchapa vitabu kwa ajili ya elimu. Masharti hayo yalikuwa marefu kiasi kwamba njia hiyo imetumika kwa nadra. Fotokopi ilikuwa fupi zaidi.

Lakini ugumu wa mtungaji nao ni wa kweli. Mwandishi wa riwaya au wa sarufi anayeona kazi yake imefotokopiwa darasa zima hatapata mchapishaji wa kitabu cha pili. Hapo msomaji aliyeokoa fedha leo amejinyima kitabu cha kesho, na lugha ambayo tayari ina vitabu vichache katika Kivu inabaki na vichache zaidi. Hapa ndipo maslahi ya mwanafunzi na ya mtungaji yanapokutana, ingawa katika siku moja ya soko huonekana kupingana.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha kwamba kumkamata mwuzaji na kuchoma sahani zake hakujatatua jambo popote katika Afrika Mashariki, kwa kuwa kunaondoa meza bila kujenga njia ya malipo. Mambo matatu yanastahili kufikiriwa.

La kwanza ni jina. Haki ya jina haihitaji benki wala ofisi ya Kinshasa. Mwenye meza anaweza kutakiwa kuacha jina la mtungaji katika kila faili anayoitia kwenye kadi, na mwalimu anaweza kutakiwa kulitaja katika kila ukurasa wa silabusi. Kwa msikilizaji na msomaji wa Kiswahili hitaji hili halitakuwa geni, kwani ndilo muhuri wa beti za mwisho. Na jina lililohifadhiwa ndilo linalowezesha malipo baadaye. Kisa cha Malaika kinatosha kuonya.

La pili ni kukusanya mkate mahali ambapo bado upo mlango. Ujerumani iliweka mwaka 1965 malipo juu ya mashine za kurekodi, yagawiwe watungaji, kwa kukubali kwamba nakala za nyumbani haziwezi kuzuiwa. Burkina Faso imefuata njia hiyo katika Afrika. Wimbo hauonekani forodhani, lakini katoni la flashi na kadi za simu huonekana.

La tatu ni kumtazama mwuzaji kwa namna nyingine. Yeye anajua ni wimbo gani unaotakiwa na nani anautaka, maarifa ambayo chama cha kukusanya malipo hakijawa nayo. Akipewa kibali na asilimia, anaweza kuwa wakala wa mtungaji.

Hakuna mojawapo ya haya litakalofaa ikiwa fedha zitakusanywa Goma na kuishia kwingine. SONECA ilikuwa na sheria, ofisi na muhuri, na wanamuziki walizeeka wakiingoja. Mtungaji wa Birere ataamini haki ya mtungaji siku atakapoipokea mkononi, hata iwe kidogo, pamoja na karatasi iliyoandikwa jina lake bila kosa.